Kifaa Hakijatambuliwa

Jumamosi ya malipo ya pili, Newala.
Ukungu haujaachia mabati
na foleni tayari imefika kwa muuza ming'oko.
Mia tano kwa dakika tatu, nimeandika kwa chaki:
INGIA BAHARINI BILA KULOWA.

Nikaichomeka miwani ya uhalisia pepe, nzito kama tofali bichi.
Kompyuta ikalia tu-dum, papo hapo ikalia dum-tu,
kama mtu aliyepiga hodi akaghairi mlangoni.
Kifaa cha USB hakijatambuliwa.
Hivyo tu. Hata pole haikusema.

Mshamu Lipwelele, wa kwanza kwenye foleni,
noti za korosho bado zinanuka salfa mfukoni mwake,
akauliza, "Somoe, kulikoni?"
Nikamwambia draiva imegoma.
"Dereva yupi? Wa fuso la chama?"
Watu wakacheka. Na mimi, kidogo.

Nikachomoa, nikachomeka.
Nikahamia tundu la nyuma, lile la buluu.
Nikaifuta draiva, nikaishusha upya kwa bando la usiku
lililosalia kama chumvi chini ya kopo.
Nikazima, nikahesabu thelathini, nikawasha.
Nikaikataza mashine kuyabania umeme matundu yake.
Kosa namba arobaini na tatu.
Nikapuliza tundu kwa mdomo,
jambo ninalowagombeza wateja wakilifanya.
Arobaini na tatu.

Basi nikafungua orodha ya vifaa vilivyofichwa,
maana draiva kuukuu hukalia viti vya wageni.
Wakajitokeza, rangi ya majivu:
printa iliyokufa mwaka wa vitambulisho,
modemu tatu,
flashi ya bwana harusi wa Luchingu, aliyetuachia virusi,
kipanya ambacho waya wake ulitafunwa na panya
(sifanyi mzaha, alama za meno zipo).
Futa. Una hakika? Ninayo.
Futa.
Futa.
Simu ya Dadi.

Kaka yangu aliichomeka hapa ipate chaji
usiku wa kuamkia safari, kabla hajavuka Ruvuma.
Hakuna aliyeiagiza mashine, ikamwandika yenyewe,
ikamtunza miaka minne kwenye majivu.
Kila mwisho wa mwezi pesa yake inafika kwa wakala,
namba mpya kila mara, jina la mtu nisiyemjua.
Nikipiga, sauti ya kike inanijibu Kireno,
inakata.

Una hakika?

Mshale ukasimama juu ya Ndiyo. Nao ulikuwa unatetemeka,
au meza, au ni lile jenereta la jirani.
"Dada, mimi nililipa jana," akasema mtoto nyuma ya Mshamu.

Nikabonyeza Hapana.
Nikachukua wembe, nikaichana kebo
pale inapojipinda karibu na shingo ya miwani.
Nyekundu, nzima. Nyeusi, nzima. Nyeupe, nzima.
Ya kijani imekatika, zimebaki nyuzi mbili kama unywele.
Kumbe umeme ulikuwa unapita siku zote,
ndiyo maana kitaa kiliwaka kikanidanganya.
Kilichokosa njia ni neno.

Nikalehemu nimebana pumzi,
moshi wa risasi ukaingia machoni, ukanipa sababu.
Nikazungusha solotepu, nikachomeka.
Tu-dum.
Nikasubiri ile ya pili.
Haikuja.

Mshamu akavaa, akanyoosha mikono mbele
kama anayepapasa chumba cha wakwe gizani.
Akazunguka polepole. Foleni ikanyamaza, hata muuza ming'oko.
"Wengi," akasema. "Wakubwa. Wananipita hapa, hapa puani."
Halafu, baada ya muda, kwa sauti ndogo kuliko mwili wake:
"Somoe, mbona hawanikimbii?"

Nilikuwa nahesabu dakika zake kwenye simu yangu,
kidole karibu na namba ya mwezi uliopita.
Nikamwambia asogee kushoto,
anaikanyaga kebo.